Saa ya Hatua na Kuku Anayeatamia

Jumatano, 2 Julai. Tlawi.
Nina miaka themanini na moja na moyo wangu ni wa kubahatisha, kwa hiyo nakiri humu kabla sijafa: paja nililovunja Aprili limepona. Natembea! Nimewaficha wote. Joakimu wa mazoezi ya viungo ameniletea saa ya mkononi, ya bei rahisi, inayohesabu hatua na kuzituma kwenye simu ya binti yangu Judith. Nikifikisha elfu mbili kwa siku, Judith anarudi kazini Babati. Aende? Na makande yake matamu je? Hapana. Leo nimemlaza kuku mweusi juu ya mayai jikoni, nikamfunga saa chini ya bawa kwa uzi. Ataatamia siku ishirini na moja. Akili ya mwalimu hiyo!

Jumapili, 13 Julai.
Hatua 140. Kuku huinuka mara moja tu, kunywa maji na kudonoa. Baridi inanisaidia: mikono ya koti inafika vidoleni, Judith haoni kwamba saa haipo. Joakimu akija naifungua saa kwa kuku na kuivaa haraka. Leo ameuliza mbona saa inanuka kuku. Nimesema ni dawa ya kienyeji ya kuchua. Akaandika!

Hhando, jirani aliyevunjika mguu mwezi mmoja na mimi, ana saa kama yangu. Amepita akitamba: elfu tatu! Kisha, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mwalimu, wewe bado unaatamia tu?" Nilitamani kumfukuza hadi Nambis. Ningemshika. Nimekohoa.

Jumatano, 23 Julai.
Vifaranga tisa. Nilisahau kwamba kuku akishaangua hatulii. Nami nimefundisha sayansi miaka thelathini! Judith alikuwa mashineni kusaga. Kuku yuko shambani anaparua. Nimemkimbiza kwenye mabua hadi nikamvua saa. Hatua zangu sikuhesabu. Zake 9,400. Judith amerudi, ametazama simu, amelia kwa furaha, amempigia Joakimu. Joakimu amesema hajawahi kuona mgonjwa wa namna hii. Nami nimemshukuru Mungu.

Jumamosi, 26 Julai.
Judith ameondoka na basi la asubuhi. Ameniachia simu ya zamani yenye bando ili impelekee hesabu. Amesema, "Baba, saa usivue. Ukishuka chini ya mia tano siku mbili mfululizo, narudi." Mchana Hhando amekuja kuuliza natumia dawa gani. Raha kidogo.

Jumapili, 27 Julai.
Kuku mpya, mayai kumi na mawili, saa chini ya bawa. Safari hii nimeweka alama kwenye kalenda: nitaivua siku ya ishirini. Kuku nimemtoa kwa Fausta, mfugaji wa ng'ambo ya kilima. Nimekwenda na kurudi bila fimbo, kuku kwapani. Jioni nimepasha makande aliyoniachia Judith. Nimeyala yote, nimekwangua sufuria. Na kwa kuwa nakiri, nikiri na hili: makande ya Judith hayajawahi kuiva.