Mzigo Mwepesi

Dada Rozalia,

Nisamehe kukaa miezi mitatu bila kukuandikia; Lutengano anaota meno, na kutwanga kunanimaliza mpaka maziwa yanapungua. Uliuliza kama mashine yetu ya kusaga imezinduliwa. Imezinduliwa Jumamosi, na Bwana Mipango mwenyewe. Hotuba ndiyo hii, kama nilivyoisikia.

"Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Katibu, Ndugu Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kamati ya Mashine, Ndugu Mabalozi wa Nyumba Kumi, Ndugu Fundi Asukile, akina mama, na watoto mliobebwa. (Makofi.) Kwa kuzingatia pleni ya mwaka 1976, ambayo mimi niliipendekeza na mimi nikaipitisha, mota yetu itaendeshwa na konveta, yaani kifaa kinachopokea umeme wa nguzo na kuupitisha kwa mapigo, na kitaalamu mkondo huo una hali mbili: hali endelevu, ambapo pigo hulikuta pigo lililotangulia lingali linatiririka, na hali ya kukatika, ambapo mkondo hufika sifuri, hupumzika, kisha huanza upya, mota ikabaki kushtukashtuka. Fundi ameniarifu kwamba mkondo hukatika mzigo unapokuwa mwepesi. Nauliza, mzigo mwepesi unaletwa na nani? (Akina mama wanatazamana.) Nimefanya sevei: asilimia themanini na saba ya akina mama hubeba nusu debe. Kuanzia leo mama asije na pungufu ya debe zima, aliyejifungua juzi akiwemo. (Fundi Asukile: 'Ndugu, nilisema mzigo wa mota.') Fundi, mota haina kichwa cha kubebea. (Kicheko. Mkunga Leokadia: 'Na mashine yenyewe iko wapi, baba?') Suala la mama limepokelewa, litajadiliwa. Mkondo. (Sisi sote: 'Usikatike.') Debe. (Lijae.) Namalizia kwa kuwashukuru akina mama waliotwanga tangu juzi unga wa ugali tuliokula hapa, maana konveta haijaagizwa, mota haijaagizwa, na nguzo za umeme bado ni miti msituni. Ahsanteni kwa kuzindua kibanda cha mashine."

Basi dada, mpe dereva wa lori litokalo Iringa vitu hivi, wala usipunguze: mchi wa mti mgumu, wangu umepasuka, mafuta ya kupaka viganja, kitambaa cha nepi yadi tatu, na unga debe moja, uwe umeshasagwa.