Vinywa Tisa na Ukuta wa Uani

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu atachora picha ukuta wote wa uani! Wapangaji hawajakubali bado, kikao ni Jumapili, lakini hayo ni mambo madogo. Mwenyekiti anataka rangi ya kijivu. Kijivu, kama sufuria. Mwanangu kachora vibao vya maduka mtaa mzima, leo anyimwe ukuta wa nyumbani kwake? Mwenyewe anajifanya hajali. Nilimzaa, namjua. Huo ndio ungekuwa ukuta wake mkubwa wa kwanza, anautaka mpaka chakula hakipiti.

Jumanne

Nimeanza kazi. Nimemwambia msusi, anayesuka watu barazani hapa ghorofa yetu ya pili, kwamba mwenye jengo anapenda mno picha za ndege. Nimebuni tu, nikiwa nasukwa. Nikamwambia asimwambie mtu. Kisha mama pacha, naye asimwambie mtu. Kisha wifi yangu wa mlango wa tatu. Binti kaniuliza mbona siendi ghorofa nyingine, au walau kwa fundi viatu pale chini ya ngazi, maana jengo zima hupita kwake. Nikamwambia fundi viatu simsemeshi. Aliwahi kuniambia viatu vyangu haviharibiki, vinatoroka.

Alhamisi

Habari kubwa. Mwenye jengo anapenda ndege kweli! Mama pacha kaniapia. Kasikia kwa msusi. Msusi kasikia kwa wifi yangu, na wifi kwa mama pacha. Kumbe nilibuni jambo la kweli. Nina kipaji. Nimehesabu vinywa tisa, vyote vimeniambia neno moja. Vinywa tisa vitakoseaje? Binti kauliza hao tisa wanakaa wapi. Ghorofa yetu, nikamjibu, watu wa maana. Kauliza nani aliwaambia. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Jumapili

Kikao uani. Mwenyekiti kasema wanaotaka picha wanyooshe mikono. Nikanyoosha miwili, nikaambiwa nishushe mmoja. Mikono kumi, na wangu humo, yote ya ghorofa ya pili. Jengo lina kaya arobaini! Wengine hawakuwa wamesikia lolote. Mzee wa ghorofa ya nne kauliza, ndege gani, kuku? Mwanangu akainama akawa anatazama vidole vyake vyenye rangi.

Ndipo fundi viatu akasimama, sindano bado mkononi. Kasema kila anayesubiri kiatu kwake hukaa mbele ya sanduku lenye picha ya jogoo aliyevaa buti, na kila mtu humuuliza kachora nani. Basi mchoraji ndiye huyu binti, alimchora jogoo siku fundi alipomshonea ndala. Watu wakageukiana. Ghorofa ya kwanza, ya tatu, ya nne, wote wanamjua yule jogoo. Mama mmoja kasema mwanawe hukubali kuvaa viatu kwa ajili yake. Mwenyekiti akasema haya, binti achore kipande kwanza, watu waje watazame, ndipo tuamue. Mikono ikanyooka mpaka ya mzee wa kuku.

Jumatatu, 11 Machi

Mpango wangu umefaulu. Nimemwambia hivyo binti, kacheka mpaka kamwaga rangi. Kasema niende nikamshukuru fundi viatu. Nitamshukuru, siku viatu vyangu vikitoroka tena. Leo nilikuwa na shughuli. Asubuhi nimemnong'oneza msusi kwamba siku ya kutazama ukuta mwenye jengo atakuja mwenyewe, na mkewe, kwa ajili ya ndege. Nilikisia tu. Mchana mama pacha kaja mbio kuniletea habari hiyohiyo, na mke yumo.

Basi ni hakika. Nimemwambia mwanangu amfute jogoo aliyeanza kumchora, aweke tausi. Amekataa, lakini ana siku tano za kubadili mawazo. Wapangaji wote, mwenye jengo na mkewe: Jumamosi, saa nne asubuhi.