Seneta Arudi Mutituni

Ndunda alikuwa akinywa chai ya rangi katika hoteli moja karibu na stendi ya Machakos, akipitisha kidole kwenye simu, alipokutana na habari iliyombadilishia mwaka. Wanasayansi wa ng'ambo, iliandikwa, wamefufua mbwa mwitu waliotoweka zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita. Palikuwa na picha ya watoto wawili weupe kama pamba. Ndunda hakusoma zaidi ya kichwa cha habari, na hakuhitaji. Maisha yalikuwa yamemfunza kwamba mwananchi husoma kichwa, shingo huikisia, na mkia huuachia walimu.

Kazi ya Ndunda ilikuwa kuongea. Alikuwa amewahi kuuza dawa ya mchwa ambayo mchwa waliipenda sana, wakawa wanakuja kutoka mashamba ya mbali kuifuata. Siku hiyo hakuwa na mradi wowote. Lakini Mungu hamsahau mja wake, na kwenye meza ya pili aliketi mzee Reuben wa Mutituni, mwenye nyumba za kupangisha, akimlilia mwenzake.

"Wiki mbili sasa," Reuben alisema. "Alimeza mfuko wa plastiki. Fahali aliyeshinda maonyesho mara mbili, anauawa na karatasi ya mkate."

Fahali huyo aliitwa Seneta. Alikuwa wa rangi ya kahawia, na kwenye paji la uso alikuwa na doa jeupe lenye umbo la jembe. Watu walileta ng'ombe wao kutoka hata Kivaa ili Seneta awapande, na Reuben barabarani alisalimiwa kwa jina la fahali kabla ya jina lake mwenyewe.

Ndunda alivuta kiti taratibu, kama mtu anayeingia matangani. "Pole sana mzee. Samahani kuuliza. Ngozi yake uko nayo bado?"

"Ngozi ya marehemu unaitakia nini?"

Ndunda akamwonyesha simu. Reuben aliisoma ile habari akitingisha midomo, akatazama picha, akarudia kuisoma. Ndunda akaeleza kwa sauti ya chini. Yeye ni daktari wa jeni, amefanya kazi na watu hao hao, sasa amerudi nyumbani kusaidia jamii. Kinachohitajika ni unywele wa Seneta, na mtamba mzima mwenye afya wa kumbeba tumboni.

"Na wewe unataka pesa ngapi?" Reuben akauliza, macho yamekuwa membamba.

"Hata shilingi sitaki. Sayansi si biashara."

Hapo ndipo Reuben alipoanza kuamini. Mtu ambaye hakuombwa pesa hujiona tayari amepata faida. Wakakubaliana kwamba siku Seneta atakaporudi, Reuben atamkatia daktari kiploti kando ya lami.

Mkewe Reuben, Kalekye, alikuwa na saluni mjini. Jioni hiyo mumewe alipomletea ile habari, aliichukua simu, akaisoma hadi mwisho.

"Baba Mueni, huku chini wameandika kwamba hao ni mbwa mwitu wa kawaida, wamebadilishwa jeni chache tu. Wataalamu wengine wanasema hakuna kitu kilifufuka."

"Daktari alinieleza hiyo. Ni wivu wa kazi."

"Na kuna mtu ameona hiyo digrii yake?"

"Wewe suka nywele," Reuben alisema, na mjadala wa kisayansi ukaishia hapo.

Reuben hakuweza kukaa na siri. Alimwambia Kasiva wa Wamunyu, aliyefiwa na ng'ombe wa maziwa, naye Kasiva akawaambia wengine wawili wa Masinga. Mwezi ulipoisha Ndunda alikuwa na mitamba wanne ndani ya lori, eti wakatunzwe maabara hadi wazae. Kabla ya kuondoka aliwadunga sindano mbele ya wenyewe. Sindano ilikuwa na maji ya moto na chumvi, ingawa kwa mtamba wa Reuben alichovya unywele mmoja wa Seneta, kwa heshima ya kazi.

Alasiri hiyo hiyo mitamba walikuwa katika boma la Farhia, nje kidogo ya mji. Farhia alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kwa miaka ishirini, na jina lake sokoni lilikuwa mali kuliko mifugo yenyewe. Aliuliza barua ya chifu kwamba mifugo si ya wizi. Ndunda akampa barua nzuri kuliko zile chifu mwenyewe huandika. Farhia akalipa. Ndunda akanunua gari la Probox, akahamia Athi River, na kila mwisho wa mwezi akawa anawatumia wateja ujumbe: *Mimba zinaendelea vizuri.*

Desemba Kalekye alienda kwa Farhia kununua mbuzi wa Krismasi. Alikuwa bado anachagua alipoona mtamba wao mwenye sikio lililochanika akimtazama. Alimwita kwa jina. Mtamba akaja mpaka kwenye uzio, tumbo lake kubwa, akamlamba mkono.

Farhia alipoelezwa aliwahesabu mitamba kwa macho. Alikuwa mwanamke mrefu, asiye na haraka ya kusema.

"Nikiwarudisha bure, nimekula hasara ya mitamba wanne," alisema. "Nikikaa nao, mimi ni mwizi. Na huyu mwenye tumbo alipandwa na fahali wangu."

"Hasara ailipe aliyeileta," Kalekye alisema. "Atazaa lini?"

"Mwisho wa Januari."

Ndama alizaliwa dume, wa kahawia kama mama yake. Siku ya tatu Kalekye alifika na kikoba cha saluni, akampaka kwenye paji dawa ile ya kugeuza nywele nyeusi kuwa za dhahabu. Aliipaka mara mbili kwa subira, huku Farhia akimshika ndama na kumwomba atulie. Walipomwosha, palikuwa na jembe jeupe kabisa.

Farhia akapiga simu. "Daktari, kuna jambo linanishangaza hapa. Mmoja wa wale mitamba amezaa."

Ndunda alikuja mbio. Alisimama mbele ya ndama, na ule ulimi uliokuwa umemlisha miaka yote ukamlala kinywani. Akahesabu miezi kwa vidole. Tisa, na siku kadhaa. Akaukumbuka ule unywele.

"Haiwezekani," alisema polepole.

"Nini haiwezekani?"

"Hakuna, mama. Unamuuza?"

"Kuna mtu wa Garissa anamtaka. Anakuja kesho."

Ndunda alizunguka ndama mara mbili. Hakuamini, na hakuona kwamba kuamini kunahitajika. Reuben ndiye angeamini, na kiploti kilikuwa kando ya lami. Ila moyoni, mahali ambapo hapakuwa pamewahi kuingia mtu, sauti ndogo ilimwambia: huenda wewe kweli ni daktari. Alitoa pesa zote alizokuwa nazo, hazikutosha. Farhia akaitazama Probox kama mtu anayetazama mawingu. Jioni, kitabu cha gari kilikuwa mkononi mwake.

Asubuhi iliyofuata Ndunda alifika Mutituni na pikapu ya kukodi. Kitu cha kwanza alichoona uani ni mitamba wanne wakila majani. Cha pili ni wenyewe, wote, wamekaa kwenye viti vya plastiki, na nyuma yao majirani kama arobaini. Farhia alikuwa amewarudisha mapema, na Kalekye alikuwa amewaita watu. Mpango wake ulikuwa rahisi: mwongo aumbuke mbele ya kila mtu, na mumewe apone.

Reuben alimteremsha ndama mwenyewe. Alilishika lile paji kwa mikono miwili, akalia. "Seneta," alisema. "Umerudi, Seneta."

Kalekye akasimama, akainua chupa ya ile dawa ya nywele. "Baba Mueni, hii ndiyo Seneta. Nilimpaka mimi."

Reuben hakugeuka. "Mama Mueni, wewe ni msusi. Usimkosee daktari adabu."

Watu wakacheka, wakaanza kusogea. Kasiva alikuwa na pembe mbili kwenye gunia. Mwingine alibeba ngozi ya mbuzi. Kisha wakampisha bibi mmoja, Nthambi, aliyekuwa ameshika kofia ya mwanamume, ya sufu, imechakaa mbele.

"Ni ya mzee wangu," alisema. "Nywele ziko ndani. Unaweza?"

Ndunda aliitazama ile kofia. Alikuwa ameuza vitu vingi kwa watu wengi, lakini hakupata neno la kuuzia hapo.

"Susu, bibi yangu, siwezi," alisema. Akawageukia watu. "Sikilizeni. Mimi si daktari. Ilikuwa maji ya moto na chumvi. Mitamba niliwauza. Huyu ndama sijui ametoka wapi, lakini huyu mama anasema ukweli."

Reuben akapangusa macho.

"Mnaona?" aliwaambia watu kwa upole. "Waliosoma sana hawajisifu."

"Mzee, nimekudanganya."

"Hata wale wa ng'ambo walisema kuna wataalamu wanakana," Kasiva alisema, akifungua gunia.

Kalekye alikaa chini kwenye ngazi, chupa mapajani, akaanza kucheka hadi machozi yakamtoka.

Bibi Nthambi peke yake aliirudisha kofia kwapani. "Mimi nimemsikia," alimwambia Kalekye alipompita. "Mwongo akisema kitu kisichomletea chochote, hicho ninaamini." Akatoka, na kijana wa Kasiva akafunga lango nyuma yake, kisha akaliegemea.

Reuben alikuwa ameingia nyumbani. Alirudi na koti jeupe, jipya, lililoshonwa jina kwenye mfuko wa kifua: *Dkt. Ndunda*. Akamshikia ili aingize mikono.

"Daktari," alisema, "tuanze na nani?"

Ndunda alitazama lango, akatazama foleni. Akaingiza mkono mmoja, kisha wa pili. Koti lilimkaa vizuri.