Kimea Kiduchu, Mahindi Tele

Jumamosi, 11 Mei

Kikao cha harusi kimeisha. Ushindi! Wiki ijayo, siku kama ya leo, binti yangu anaolewa. Binti yangu muuguzi. Nimeandika muuguzi ili hata shajara ijue. Mimi niliishia darasa la saba, nikatoka najua kusoma, kuandika na kujibu. Yeye amepita huko kote, na sasa anawachoma watu wazima sindano na wanamshukuru.

Kikaoni wifi yangu, dada yake baba watoto, akasimama na kutangaza kwamba pombe ya nafaka atapika yeye, kama alivyopika kwenye harusi zote za ukoo huu. Vichwa vikaanza kuitikia. Nikasimama. Nikawaambia tumbo lililombeba mtoto huyu ni hili hapa, na pombe ya harusi yake itatoka mikononi mwangu. Wifi akauliza, kwa upole wake ule wa kuudhi, kama nina kimea cha kutosha. Nikasema ninacho mpaka kinamwagika.

Nimerudi nyumbani kutazama. Mtama wote niliouotesha na kuuanika unajaa sufuria moja. Ile ndogo. Kuku walipita kabla yangu.

Kuotesha mwingine haiwezekani. Uloweke, uote, uukaushe, uusage, mpaka hapo harusi imepita na mjukuu anatambaa. Wifi ana gunia zima. Mlangoni aliniambia nikikwama nimwambie. Heri nikwame.

Jumapili, 12 Mei

Mungu hamtupi mja wake! Nimekutana dukani na dereva wa lori la kiwanda cha bia. Nikamuuliza, kama mtu anayeulizia mvua tu, wanapata wapi kimea cha kujaza yale mapipa yao makubwa. Akacheka. Akasema kimea peke yake hawakitegemei. Wanatia na mahindi, wanatia na mchele, nafaka kavu ambayo haijawahi kuota hata siku moja. Akaanza kueleza namna ya kupika, lakini mimi nilikuwa nimeshafika nyumbani.

Kumbe! Miaka yote wifi anatutambia magunia ya kimea, na mahindi ya stoo yangu ni pombe iliyojikalia tu! Basi: kimea sufuria moja, unga wa mahindi madebe, mchele wa kunogesha. Kiwanda kinafanya, mimi nani nisifanye?

Jumatatu, 13 Mei

Nimepika. Kimea, mahindi, mchele, vyote pamoja, nikachemsha mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Wapo wasiochemsha kimea. Wanakitia kibichi kwenye sufuria iliyokwisha kupoa, pamoja na vumbi la mkekani. Wifi ni mmoja wao. Mimi ni mama wa muuguzi. Hakuna kijidudu kitakachotoka hai kwangu.

Jioni nikaonja. Utamu hakuna. Na kabla ya kuchacha inatakiwa iwe tamu, hilo hata mimi nalijua. Nikamwita baba watoto. Akaonja, akafikiri, akaomba kijiko.

Nimeimimina pipani, nimetia hamira. Hamira itajua la kufanya.

Jumanne, 14 Mei

Siku ya kuchuja. Balaa. Mchele umegeuka gundi. Chujio la kwanza limeziba, la pili limepasuka. Nikashusha pazia la sebuleni, jipya, lile nililolishona ili wakwe walione. Tukalikamua, mimi huku, baba watoto kule. Likatoa kikombe kimoja cha maji na mlio wa kuchanika. Baba watoto akasema si neno, sasa wakwe watatuona vizuri zaidi.

Nimerudisha kila kitu pipani, pamoja na sehemu ya pazia.

Jumatano, 15 Mei

Pipa halisemi kitu. Pombe inayochacha huchemka yenyewe bila moto, huimba. Nimetega sikio. Nimesikia redio ya jirani.

Wifi amekuja kurudisha sinia ambalo sikumbuki kumwazima. Macho yote pipani. Akauliza mbona kimya hivyo. Nikasema imelala. Akasema wifi, pombe ikilala hivi hufunikwa shuka na ndugu wakaitwa.

Nikamkimbilia dereva. Akajishika kichwa. Anasema kimea ndicho kinachogeuza wanga wa mahindi kuwa sukari, maana mahindi makavu hayajiwezi. Kina uhai wake, ukikichemsha umekiua. Kiwandani mahindi hupikwa peke yake, hupoa kiasi, ndipo hukutanishwa na kimea, tena kimea ndicho kingi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia Jumapili. Akasema aliniambia, ila aliyekuwa akisikiliza ni mgongo wangu.

Kwa hiyo nimekiua. Kwa usafi! Nimelia kidogo stoo, uso kwenye gunia la mahindi. Yamebaki mengi tu.

Alhamisi, 16 Mei

Leo nilimeza mate machungu nikaenda kuomba kimea kwa wifi. Sikufika hata mlangoni. Harufu ilinipokea njiani. Mapipa matatu uani kwake, yote yanaimba. Pombe ya tangu Jumapili hiyo, pua yangu haidanganyiki. Nikageuza kama mtu aliyesahau kitu.

Nyumbani nikamkuta binti yangu, bado na sare za hospitali. Alishaona pipa. Alishaona na dirisha.

"Mama, usimkasirikie shangazi. Mimi ndiye niliyemwomba apike."

Nikamuuliza kama mikono ya mama yake inamtia aibu.

"Harusi ya kaka ulishinda jikoni mpaka watu wakaondoka. Hata kwenye picha haumo, mama. Mimi nakutaka ukae karibu yangu."

Maneno mazuri. Yameniua pale pale. Kumbe atakayekaa ni mimi, kitini, kama mgeni wa kadi, na ukumbi mzima unakunywa mkono wa wifi. Mwanangu ataondoka kwangu bila hata tone langu kumsindikiza.

Nimeliburuta pipa nyuma ya stoo. Nimelifunika turubai. Ningetumia shuka ningempa wifi raha.

Jumamosi, 18 Mei

Harusi. Alivyopendeza siandiki, wino hautoshi. Nilikaa. Nimo kwenye picha zote, nimenuna vizuri. Pombe ya wifi ilisifiwa mpaka meno yakaniuma.

Halafu gari la chakula likakwama njiani. Watoto wa upande wa wakwe wakaanza kulia, wazee wakaanza kutazamana. Nikageuka, wifi hayupo. Baada ya muda akarudi na baba watoto wamebeba pipa. Langu! Alikuwa amelifumania chini ya turubai, akalirudisha motoni, akatia sukari, akatoa vipande vya pazia. Lilikuwa limepata uchachu kidogo, ule uchachu wa kuamsha ulimi. Watoto wakanyamaza. Wazee wakaomba tena. Binti yangu, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi, alikunywa vikombe viwili akiwa amesimama, kitambaa kifuani asichafue gauni.

"Mama, huu ni wako?"

Nikasema ni wangu.

Akanipa kikombe nimshikie, akajifuta mdomo, akaomba cha tatu.

Mama yake bwana arusi akauliza nani kapika uji mtamu hivi. Wifi akaninyooshea kidole mbele ya watu wote. Uji! Mpaka sasa sijui alikuwa ananitukuza au ananimalizia.

Jumapili, 19 Mei

Nyumba kimya. Chumba chake nimekifagia mara mbili, hakikuwa na uchafu.

Nimefikiri sana. Watu walikunywa pipa zima wakaomba tena. Basi pombe ilikuwa nzuri, ilikosa kulevya tu. Na kosa nimelijua: ni kile kimea. Kidogo vile, kimeingia katikati ya mahindi yangu kikavuruga. Safari nyingine hakuna kimea kabisa. Mahindi matupu, mchele mara mbili, na kuchemsha zaidi.

Mkwe wangu anahamia nyumba mpya mwezi ujao. Ameniomba nimpelekee kile kitu changu kitamu. Nimemwambia bia asihangaike kununua.

Asubuhi nimekuta gunia la kimea mlangoni. Wifi, bila shaka. Ana moyo, sikatai. Nimewamwagia kuku.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nimeshashusha pazia la chumbani.