Uokoaji wa Kijipicha cha Mkurugenzi

Kwa heshima na furaha kubwa, Idara ya Taswira na Mwonekano Mwema, yenye makao yake Kasese mjini, inawatangazia wananchi wote kwamba uokoaji wa kijipicha cha Mkurugenzi umefaulu kwa kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa. Maneno yanayosemwa Bwera, pamoja na vicheko vyake, yasiwapotoshe. Mimi Blasio, Katibu Mwandamizi wa Idara, nilikuwepo tangu mwanzo, na haya ninayaandika nikiwa na akili timamu, nimekaa sakafuni.

Kijipicha ni ile picha ndogo inayokaa mlangoni mwa video kabla hujaibonyeza. Idara ilikuwa imemnunulia Mkurugenzi wetu, Afande Byaruhanga, runinga janja pana kama mlango wa kanisa, ili aweze kufuatilia mwonekano mwema akiwa amekaa kwenye sofa. (Jeshini alihudumu kwa muda mfupi tu, katika stoo ya mablanketi, lakini uafande haufi.) Asubuhi moja alikuwa anatafuta mpira, na badala ya mpira akajikuta mwenyewe. Suti nyeusi, mkasi mkononi, tabasamu mbele ya utepe. Ilikuwa siku alipozindua nguzo za soko la Bwera.

Nguzo, ndiyo. Maturubai ya kuezekea yangefuata.

"Blasio! Kuja hapa! Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Afande."

"Ni mimi kabisa. Nataka hii picha. Kubwa. Haraka!"

Tukaibonyeza video tuone mengine. Mkasi ulikuwa butu. Utepe ulikataa, ukajikunja, ukakataa tena, basi Mkurugenzi akauinamia na kuukata kwa meno. Kijana aliyeipandisha video hiyo mtandaoni aliipa jina "Mkubwa Ala Utepe". Kwa maneno mengine, heshima yote ya tukio lile ilikuwa imebaki kwenye kijipicha peke yake, na mwenye video angeweza kukibadilisha wakati wowote akaweka meno. Nikatangaza hali ya dharura, na Evas, karani wetu, akatangaza chai.

Ni katikati ya dharura hiyo ndipo alipofika mama mmoja kutoka Bwera, Anastasie, mzaliwa wa Butembo, muuza unga wa muhogo na mwenyekiti wa akina mama wa soko. Evas alimketisha kwenye benchi la nje, maana ofisi ya Mkurugenzi haiingiwi na mtu ovyo. Ndani mna runinga, sofa, meza, na nyuma ya sofa mizigo fulani iliyofika dari, ambayo si mada ya taarifa hii. Nilitoka kumsikiliza mlangoni.

"Papa, niko nauliza bashi zetu. Iko wapi?"

Bashi ndiyo turubai kwa Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka, na bunga ni unga.

"Ziko njiani, mama."

"Njia gani hiyo haina mwisho? Mvua iko inakuya. Bunga yangu ikiloba maji tena, sina kitu ya kulisha batoto. Ya mwezi ile ingine nilitupa yote, hata nguruwe ilikataa." Alikuwa karibu kulia, akajizuia kwa kukaza kitenge chake. "Na musitudanganye na ingine. Zetu ni ya rangi ya machungwa. Tulichagua siye bamama, juu isichanganyikane na ile nyeupe ya bakimbizi."

Nilimhakikishia kwamba rangi imezingatiwa. Kisha nikamweleza kwa upole kwamba Idara ina jambo zito zaidi, na kwamba hakuna soko linaloweza kuendelea bila picha ya aliyelizindua. Alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anastaajabu.

Turudi kwenye kazi. Kila ofisi ya maana huanza kwa kutoa kopi, nasi hatukutaka kuvunja utaratibu. Tuliishusha runinga ukutani, tukaipakia kwenye boda boda, mimi nikiwa nimeikumbatia kwa nyuma, tukaenda kwa Bright, mwenye kibanda cha kutoa kopi karibu na stendi ya teksi.

"Boss," alisema Bright, "hii inaingia wapi?"

"Ilaze juu ya mashine, kioo kwa kioo."

"Lakini umechomoa umeme! Unataka kopi ya nini, ya giza?"

"Fanya kazi yako, kijana."

Karatasi ilitoka nyeusi tii. Niliikagua, nikaigonga muhuri, NAKALA HALISI, na hadi leo imetundikwa ukutani kwenye fremu. Hata hivyo Mkurugenzi hakuridhika. Alisema haoni uso wake.

Tuliporudisha runinga ukutani na kuiwasha, kijipicha hakikuwepo. Mkurugenzi akaanguka kwenye sofa, akashika kichwa. Namwonea huruma hata sasa. Ilibidi Idara nzima itafute, mimi nikibonyeza rimoti na Evas akisoma majina ya video moja baada ya nyingine, mpaka tukampata tena, anatabasamu, mkasi mkononi.

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo nitajivunia hadi kaburini. Nililipa jina la Unasaji wa Mbali wa Kielektroniki. Nilichukua simu, nikaielekeza kwenye runinga, nikapiga picha.

Lakini sikupiga kienyeji. Nilifungua mapazia yote ili mwanga uingie wa kutosha. Mkurugenzi aliketi kwenye sofa kusimamia, miguu juu ya meza, akitafuna muhindi wa kuchoma, akasema picha ni safi sana. Faili ikapelekwa Fort Portal, ikachapwa kwenye bango kubwa kuliko lori.

Siku ya gulio tulikwenda Bwera, Mkurugenzi mwenyewe akiwa kiti cha mbele. Hakuna mahali pazuri pa kutundika bango kuliko zile nguzo, maana zilikuwa zimesimama bure. Akina mama walipoona tunashusha kitu kikubwa kilichokunjwa, soko zima lilipiga vigelegele.

"Bashi imekuya! Bashi imekuya!"

Tulilikunjua. Vigelegele vikaisha kimoja kimoja.

"Basi," alisema Anastasie, "hata hii inaweza kulala juu? Kidogo tu, kwa bunga."

"Hapana, mama. Mkurugenzi halazwi."

Nikashika kipaza sauti nikatoa tangazo ambalo Mkurugenzi mwenyewe alikuwa amenitamkia garini. Kwamba picha hii, na kila kitu kinachoonekana ndani yake, ni mali ya wananchi wa Bwera kuanzia leo. Kwamba ni marufuku mtu yeyote, awe mdogo au mkubwa, kuigusa, kuifunika au kuiondoa. Mimi niliona sentensi ya kwanza imezidi, lakini yeye alisema, "Weka! Watu wanapenda mali."

Watu walipiga makofi ya kawaida. Anastasie peke yake hakupiga. Alikuwa amesogea karibu na bango, pua yake ikielekea kifuani kwa Mkurugenzi.

"Muheshimiwa, hapa kwa kifua ni nini?"

"Hiyo ni suti," alijibu Mkurugenzi. "Ya Italia."

"Hapana. Ndani ya suti."

Wananchi wenzangu, suti nyeusi ndani ya runinga ni kioo cha kujitazamia. Hilo halikuwa limejadiliwa katika kikao chochote. Kwenye koti la Mkurugenzi, chini kidogo ya tai, ilionekana ofisi yetu yote, imeangazwa vizuri kwa mwanga wa madirisha niliyoyafungua mwenyewe. Nilionekana mimi, simu juu. Alionekana Mkurugenzi, miguu mezani, muhindi mdomoni. Na nyuma ya sofa, kuanzia sakafuni hadi dari, yalionekana maturubai, yamefungwa kamba nyeupe, mapya, ya rangi ya machungwa.

Nilisikia mbuzi akitafuna gunia. Kisha mama mmoja akaanza kucheka, mwingine akafuata, na kicheko kikapanda mlima mpaka naamini Bugoye walikisikia.

"Njo maana iko njiani!" alisema Anastasie. Yeye hakuwa anacheka. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Bunga yangu inaoza, na bashi inalala kwa ofisi kama bibi arusi!"

Nilitoa ufafanuzi wa kitaalamu. Nilisema maturubai hayakufichwa, yalikuwa yakipumzika, na kwamba machache tu yalikuwa yameombwa na nyumba ya wageni ya Mkurugenzi kule Hamukungu, ambako pia kuna mvua. Ufafanuzi huo haukusaidia kwa kiasi nilichotarajia.

"Askari!" alifoka Mkurugenzi. "Toa hiyo picha! Mara moja!"

Askari wetu, tuliyekuja naye kulinda bango, alipiga saluti.

"Afande, amri imesema asiiguse mtu. Mdogo au mkubwa."

"Mimi ndiye niliyetoa amri!"

"Ndiyo, Afande. Ndiyo maana naiheshimu."

Wakati huo Anastasie alikwisha kuchukua kipaza sauti mkononi mwangu. "Bamama! Mulisikia wote. Kila kitu inaonekana ndani ya picha ni mali yetu. Twende tuchukue mali."

Walipanda lori la muhogo. Sisi tuliwatangulia kwa gari la Idara tukiwa na mpango wa kufunga mlango, lakini ufunguo ulikuwa kwa Evas, na Evas alikuwa amekwisha pigiwa simu. Tulimkuta ameufungua wazi, amesimama kando.

"Ssebo," alimwambia Mkurugenzi kwa heshima zote, "tangazo ni tangazo. Na shangazi yangu anauza nyanya Bwera."

Walitoa maturubai yote, wakihesabu kwa kuimba. Kisha mmoja akakumbusha kwamba hata sofa inaonekana kwenye picha. Ikatoka. Meza ikatoka. Mapazia yakatoka. Runinga, ambayo ukingo wake ulionekana pande zote, ilitoka imebebwa kichwani kama beseni la samaki. Mama mmoja aliishusha ile fremu ya karatasi nyeusi, akaitazama kwa makini, akairudisha ukutani. "Hapa hakuna kitu," alisema.

Wingu lilikuwa limekwisha shuka mlimani. Lori lilikuwa linanguruma. Mama yule akasimama ghafla mlangoni, akamwonyesha kidole Mkurugenzi, aliyekuwa amebaki katikati ya chumba kitupu na suti yake.

"Mwenyekiti! Na huyu je? Huyu iko ndani ya picha mara mbili."

Anastasie alirudi. Alimzunguka taratibu, akamtazama kutoka viatu hadi kichwani, jinsi anavyokagua gunia kabla ya kulinunua.

"Huyu muache," alisema. "Huyu hakingi mvua."