Samli ya Dani na Moyo wa Baba

Jumatatu, 2 Desemba 1996
Sijamwambia mtu: samli ya Dani, bibi yangu mzaa Baba, nimeificha mimi. Iko chini ya kitanda changu, ndani ya sanduku la shule. Mama anamlaumu paka. Maskini paka!

Ningefanyaje? Ijumaa nilimsindikiza Baba zahanati hapa Rangwe. Nesi Bonareri akasema kolesteroli imepanda, mishipa ya moyo inaweza kuziba, apunguze mafuta ya wanyama. Baba akaitikia vizuri sana. Jioni akamimina samli ya mama yake kwenye mboga za osuga hadi zikaogelea.

Nilitaka kumkataza. Lakini mimi naona haya kusema, hata nyumbani. Basi usiku nikaichukua samli.

Jumatano, 4 Desemba
Mpango unaenda! Nimepata mafuta ya kuganda, ya mkebe. Yametokana na mimea, nimesoma mwenyewe kwenye karatasi yake. Napikia kila kitu, tena bila ubahili. Ni kwa ajili ya moyo wake.

Dani kaonja. Akauliza kama kumaliza kidato cha nne ndiko kusahau kupika. Ataleta samli nyingine Jumapili. Vita!

Ijumaa, 6 Desemba
Aibu. Nilikwenda kwa Nesi kujisifu. Akashika kichwa. Akasema mafuta yanayoganda yakipoa, hata ya mimea, hayamfai Baba. Nitumie ya maji, kijiko kimoja, na samaki nichemshe.

Yaani siku zote hizi nimekuwa nikimziba Baba mishipa kwa mikono yangu. Kwa upendo!

Nikalia jikoni. Baba akanikuta. Akasema habari ya samli anaijua tangu Jumanne: sisimizi wamepanga foleni hadi kitandani kwangu. Akaomba samaki wa kuchemsha. Akawala wote. Alikunja uso mara mbili tu.

Jumapili, 8 Desemba
Dani kafika na kibuyu. Baba akamwambia kwa upole kwamba anataka kuishi, aione siku ng'ombe wa mahari yangu wakiingia bomani. Dani akajibu kwamba hata hao watatoa samli! Akakipakata kibuyu chake muda mrefu. Mwishowe akaniomba kisu, akanikatia vitunguu vya samaki.

Nesi alisema pia kutembea kunasaidia moyo. Baba anasema ataanza Januari. Januari!

Kwa hiyo valvu ya gurudumu la baiskeli yake iko mfukoni mwangu. Kesho atatembea hadi sokoni, nami kando yake, nikimsaidia kushangaa nani kaichukua.

Wewe unayesoma, tafadhali, usimwambie mtu.