Majina Wangu na Hadithi Niliyoapa Kutoisoma

Jumatatu, 10 Machi

Moyo wangu umechoka. Daktari wa hospitali ya Woluwe hafichi. Basi na mimi nisifiche, angalau humu. Tableti ya binti yangu Euphrasie haikuibiwa kwenye metro kama anavyodhani. Iko chini ya mto wangu. Nasoma hadithi aliyoitunga mjukuu wangu Hadassa, ile niliyoapa mbele ya familia nzima, tonge la bukari mkononi, kwamba sitaigusa.

Ni hadithi fupi ya picha. Unasoma, halafu unamchagulia msichana la kufanya kwa kubonyeza. Msichana huyo ni trans, yaani alizaliwa akaitwa mvulana, kama Hadassa. Hakuna jambo kubwa linalomtokea. Anasukwa nywele mtaani Matonge, na msusi anataka kujua kila kitu. Anafuata kifurushi posta kwa kitambulisho cha zamani. Anasubiri kwa daktari, wanamwita kwa jina lisilo lake, na chumba kizima kinageuka kumtazama. Hapo moyo ulinienda mbio kuliko dawa zangu zinavyoruhusu.

Kuna babu pia. Amevaa kofia yangu. Tumbo si langu! Neno lake ni moja tu: "Wee!"

Jumanne, 11 Machi

Nieleze. Kwetu Lubumbashi, mtoto aliyepewa jina lako ni majina wako. Unaita "Majina!", naye anaitika "Majina!", na kipande kizuri cha nyama ni chake. Mjukuu huyu alipewa jina langu, Kyungu. Miaka miwili iliyopita alituambia kwamba yeye ni msichana, ndivyo alivyokuwa siku zote, na anaitwa Hadassa. Nilisema Maandiko yananizuia kumwita hivyo. Nilikuwa mkaguzi wa shule. Nikisema polepole watu huniamini. Tangu siku hiyo namwita "wee".

Leo nimeanzisha mpango: kumwongoza yule msichana mpaka babu ashukuriwe. Kila babu anapofoka "Wee!", nabonyeza "Ondoka". Kila mara msichana anaishia kwa shemasi mmoja mwema anayemkaribisha chai. Shemasi mwenyewe ni Rigobert wa kanisani kwetu, wazi kabisa! Rigobert alimwita Hadassa kwa jina lake jipya Jumapili ya kwanza, kwa sauti, mbele ya kwaya, ili yeye mwenyewe aonekane mwema. Na kwenye hadithi ana nywele! Rigobert, nywele!

Jumatano, 12 Machi

Aibu. Rigobert alikuja kuniombea. Katikati ya sala mto ukaanza kupiga muziki.

"Papa Inspecteur, mto yako inaimba?"

Nikasema ni mashine ya moyo, aina mpya.

"Ah bon? Basi tuiombee na yenyewe."

Akauwekea mto mikono, akaiamuru mashine isizimike hata dakika moja. Ikazimika palepale. Chaji ilikuwa imeisha. Rigobert alinitazama kama anayesubiri nikate roho. Nilipokosa kufa, aliondoka amenyong'onyea. Siku yangu haikupotea yote.

Alhamisi, 13 Machi

Hadassa alikuja kunikata kucha. Nilimchunguza kwa werevu. Nikasema rafiki yangu mmoja, mzee wa hapa Auderghem, anasoma hadithi fulani ambamo babu hasemi neno jema hata moja. Akauliza huyo rafiki anabonyeza nini. "Ondoka," nikajibu. Haraka mno!

Akakata kucha moja zaidi, kisha akaniambia mimi nkambo, babu yake:

"Alors, nkambo, umuambie asitoroke. Abakie. Na huyu babu, aulize tu, donc. Kuuliza haiumize."

Akatoa chaja mkobani, akaiweka kitandani. Ya rafiki yako, akasema.

Alipotoka nilibonyeza "Bakia". Msichana akaketi. Babu akakohoa, kama ninavyokohoa mimi. Kisha akauliza: unaitwa nani sasa?

"Hadassa Kyungu. La kwanza nimelichagua. La pili ulinipa wewe, sikulirudisha."

Niliilaza tableti kifuani, chini ya blanketi. Hakulirudisha! Muda wote huu analo, na mimi sikuuliza! Nilishusha pumzi ndefu, mpaka Euphrasie akaja mbio kuangalia kama ndiyo ya mwisho.

Ijumaa, 14 Machi

Hadassa aliniletea uji. Nikaita, "Majina!" Nikaita tena: "Hadassa! Majina!" Uji ukamwagika wote kwenye shuka. "Majina!" akaitika, analia, anacheka, anapangusa shuka kwa skafu yake mwenyewe. Nimelala mwepesi kama mtu aliyevuliwa koti lenye maji.

Akauliza kama nimeisoma hadithi yake. Mlango wa kukiri ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Nikamjibu kwamba mimi sisomi mambo ya watoto, ila nimesikia babu wa humo anahitaji kupunguzwa tumbo.

Mchana nilimpigia simu kwa siri Mignonne, mjukuu wangu wa Liège, ambaye ana mimba. Nikamwambia mtoto aitwe Kyungu, awe wa kike au wa kiume, na kwamba hilo ni ombi la Hadassa. Hadassa hana habari. Mignonne akasema, bon, atamuuliza Hadassa mwenyewe. Itabidi nimzuie kabla hawajaonana Jumapili. Kisha akataka kujua haraka hii ni ya nini. Nikamtajia Maandiko, polepole. Akaniamini.

Haikuwa Maandiko, hata mara ile ya kwanza, nilipokataa jina la Hadassa. Niliogopa kwamba nikishakufa, mtu akiita Kyungu, hakuna atakayeitika.